Bastola ya mashoto: shajara ya kumngoja fundi

14 Januari 2023

Leo nimeiacha. Bastola yangu imelala kwa fundi kwenye kabati la chuma na mimi nimerudi nyumbani na kipande cha risiti mfukoni, najisikia kama mtu aliyetoka kumwacha mtoto bodingi. Naanza kuandika tarehe leo leo ili baadae asije mtu akanizungusha, maana mafundi mi nawajua, nimekulia Muheza, suti yangu ya kipaimara ilitoka kwa fundi wiki mbili baada ya kipaimara chenyewe.

Kwa asiyejua nachozungumzia, huu ni mchezo wa shabaha, huku Ohio wazee wanaupenda kufa, wenyewe wanauita bulzai. Unasimama wima, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka na bastola, hamna kushika kwa mikono miwili kama askari wa kwenye sinema. Karatasi iko yadi 50, kama mita 45 na ushee. Duara la 10 lina upana wa inchi 3.36, yaani mdomo wa kikombe cha chai, na ndani yake kuna kiduara cha X cha inchi 1.695, hicho ni yai la kuku wa kienyeji ukiliangalia kwa kichwani. Sasa simama, nyoosha mkono, alafu uniambie kama hautetemeki. Mi natoka shifti ya usiku ya unesi asubuhi, mkono unatetemeka kama simu iko vaibresheni.

Nimecheza mwaka mzima na bastola ya kuazima ya mzee mmoja wa klabu, wastani wangu asilimia 83, na huku chini ya 85 wanakuita Marksman. Jina zuri ukilisikia, maana yake uko darasa la kwanza. Ukivuka 85 ndo unaitwa Sharpshooter, alafu Expert kwenye 90, Master 95, High Master 97. Mi nataka hiyo 85 tu nife kwa amani.

Shida yangu nyingine ni kwamba mi mashoto. Naandika kwa kulia, ndio, lakini hiyo ni kazi ya fimbo za darasa la pili. Bibi yangu ukimpa kitu kwa kushoto hapokei, anakuangalia tu, kimya, mpaka mwenyewe uhamishe mkono. Ila embe za kwenye mti nilikuwa naziangusha kwa kushoto, manati kwa kushoto, na siku ya kwanza nimeshikishwa bastola hapa klabuni ikaenda yenyewe kushoto, yule mzee akacheka akasema haya basi, tumepata mwingine. Na jicho langu linaloongoza nalo ni la kushoto, kwahiyo hata ningetaka kujikaza nitumie kulia ningekuwa nageuza shingo kama kuku.

Novemba nikanunua ya kwangu, Springfield ya muundo wa 1911, caliba .45. Nikajaza ile fomu 4473 ya serikali ya kununulia bunduki, nikaweka namba ya grini kadi, wakapiga kuangalia rekodi yangu, nikasubiri kidogo nikapewa. Sasa ukiitoa kiwandani ilivyo inaua panya kwa karibu tu. Kwa yadi 50 hata ukiifunga kwenye jiriwa inatawanya inchi 4 au 5, kikombe cha chai tayari umeshakikosa kabla hujaweka tetemeko lako mwenyewe. Ndo maana watu wanapeleka kwa fundi.

2 Februari 2023

Kikao cha vipimo. Fundi namuita Fundi tu, jina lake halihusiani na umma. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, karakana iko nyuma ya nyumba, dakika 40 kutoka kwangu, jiko la kuni linawaka katikati, mbwa mmoja mzito hahami njiani hata ukimruka.

Nilidhani ntamwambia tu nitengenezee bastola mpya kutoka zero. Akakataa kabisa. Leseni yake ni ya ufundi na biashara, sio ya kiwanda, na akianza kutengeneza na kuuza bunduki mpya anahamia leseni nyingine, na ukizidisha idadi fulani kwa mwaka kuna na ushuru wa asilimia 10 wa bastola, anasema umri wake hauruhusu kujaza makaratasi yote hayo. Hii uliyoileta mi naifanyia kazi, basi. Siku ile niliyoiacha alishaandika namba ya bastola kwenye daftari lake la serikali, tarehe iliyoingia na jina langu, na siku ikitoka anaandika tena. Na kwasababu inarudi kwa mwenyewe hakuna fomu nyingine ya kujaza, hilo nilikuwa silijui.

Alafu akanipima. Aisee sijawahi kupimwa hivi hata na fundi cherehani. Kaniambia nilaze kiganja cha kushoto kwenye mfuniko wa boksi la pizza, akachora kwa penseli kuzunguka vidole, akaandika urefu wa kila kidole. Alafu akanipa bastola tupu, ameihakikisha tupu yeye, nikahakikisha mimi, akasema funga macho, inua, fumbua. Inaelekea wapi? Chini kidogo na kulia. Tena. Chini na kulia. Mara sita. Akasema hiyo sio wewe, hiyo ni kitako, kiganja chako kifupi na kitako kimejinyoosha, tutaweka mgongo wenye tumbo kidogo hapa chini utakuinulia mdomo wa bastola wenyewe. Na triga fupi, maana kidole changu kinafika kwa ncha ya ncha.

Tumekubaliana hivi: mtutu mpya wa kampuni ya Kart wa kufitisha kwa mkono, bushi mpya (ile pete inayoshika mdomo wa mtutu), slaidi, kile kipande cha juu kinachoenda mbele na nyuma, ibanwe kwenye fremu isicheze, triga ya pauni 3.5 ambayo ndo chini kabisa sheria ya mchezo inaruhusu kwa .45, mbele ya kitako achonge vile vinundu vya kushikia, mistari 30 kwa inchi, na juu nifungiwe doti nyekundu, kile kioo cha kulengea chenye kinukta chekundu, Ultradot ya mtumba ninayo tayari. Na sefti, kile kidude cha kuzuia bastola isifyatuke. Hapa nilisisitiza. Sefti ya 1911 iko upande wa kushoto wa bastola kwa ajili ya dole gumba la mtu wa kulia, analilaza pale juu wakati wote analenga. Mi dole langu gumba liko upande wa pili hewani, halina pa kukaa, na ile sefti ya kushoto inanichimba kwenye shina la kidole cha shahada. Kwahiyo nataka ya pande mbili, ya kulia pana kama rafu, ya kushoto inyolewe iwe nyembamba. Akaandika. Nimeona kwa macho yangu akiandika, L-E-F-T, akapigia mstari.

Kazi dola 1,900 bila mtutu na vifaa. Nusu nimelipa. Muda: miezi minne.

Mke wangu nilimwambia usiku. Akanyamaza, akaosha sufuria mbili, alafu akasema, "Baba watoto, hiyo hela ni bati za Kigamboni." Nikasema bati zipo kwenye bajeti ya Juni. Akasema sawa, nimesikia Juni.

27 Mei 2023

Miezi minne inaisha wiki ijayo nikapiga simu, hapokei. Nikaacha meseji. Siku ya tatu kanijibu kwa maandishi, mtutu bado haujafika, alikoagiza wanachelewa. Sawa, hilo sio kosa lake. Ila nikamuuliza na slaidi je, slaidi haihitaji mtutu kubanwa, akasema anapenda kufanya vyote kwa pamoja. Hiyo sentensi nimeisikia Muheza, neno kwa neno, kuhusu suruali na koti.

19 Agosti 2023

Nimeenda mwenyewe bila taarifa. Na donati, maana kwa fundi huendi mikono mitupu.

Mtutu umefika! Na leo ndo nimeelewa kwanini hii kazi haiharakishwi, naandika kwa kirefu maana sijawahi kuona kitu kama hiki.

Hii bastola John Browning aliichora jeshi la Marekani wakaichukua mwaka 1911, wakakaa nayo mpaka 1985, na aliitengeneza ifanye kazi kwenye tope. Kwahiyo kila kitu ndani kimeachiwa nafasi. Mtutu haujakaza, ukipiga risasi unarudi nyuma na slaidi kidogo, unainama kwa nyuma, unaachia, alafu slaidi inarudi na kuubeba tena mpaka unajifunga juu. Nafasi ile ndo inafanya kila safari ukae tofauti kidogo, unywele mmoja hapa, unywele mmoja pale, na kufika yadi 50 unywele ni inchi tatu. Kazi ya fundi ni kufanya mtutu urudi palepale, kila mara, kama mlango wa zamani wa mninga unaofunga bila kugonga.

Anafanyaje? Mtutu unakuja umeachwa mnene kwenye zile sehemu za kujifungia. Anawasha mshumaa. Anaupitisha juu ya moshi mpaka unapata masizi, anauingiza kwenye slaidi taratibu, anasukuma kwa gumba, anautoa. Pale masizi yalipong'oka pana kidoti cha kung'aa, ndo panagusa. Anachukua tupa ndogo, upana wa kijiti cha ice cream, anapiga mara mbili. Mbili tu! Anapangusa, anapitisha kwenye moshi, anaingiza, anatoa, anaangalia kwa miwani mbili, ya macho na ya kichwani. Mara mbili tena. Nimekaa saa moja na nusu kaondoa chuma ambacho ukikikusanya hakijai kwenye ukucha. Nikamuuliza ukipitiliza je, akasema nikipitiliza nakununulia mtutu mwingine na nasubiri tena miezi sita. Nikanyamaza, nikala donati.

Nilimsimulia kuhusu magobole ya kwetu, kwamba babu upande wa mama, Sikonge huko Tabora, alikuwa na gobole la kushindilia baruti kwa mdomoni, kazi ya mhunzi wa kijijini, na lilikuwa linamrukia moshi usoni kila akipiga. Fundi akaacha tupa kabisa. Akauliza kitako cha mti gani, mtutu wa chuma gani, mimi nitajua wapi, nilikuwa mdogo, nikamwambia watu walikuwa wanasema bomba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari ya ndugu yake. Akauliza huyo mhunzi alikuwa anapima kwa kifaa gani. Kwa macho, nikamwambia. Akasema mimi pia.

Nimetoka pale hasira zote zimeisha. Ndo wanavyokupata hivyo.

11 Novemba 2023

Amepiga simu yeye. Njoo ujaribu kuishika kabla sijaipaka rangi.

Nimefika mbio, nimetoka shifti sijalala. Slaidi kwenye fremu inateleza kama imepakwa mafuta ya nazi, ukiitikisa hamna sauti hata ya chembe. Vinundu vya mbele vinauma kiganja vizuri, kama ulimi wa paka. Ule mgongo wa tumbo umekaa, nikafumba macho, nikainua, nikafumbua, katikati. Jamani katikati kabisa. Nikasema asante Mungu, nikashusha dole gumba likae kwenye rafu yake na hamna rafu.

Nikageuza bastola. Upande wa kushoto kuna sefti pana, nzuri, imepigwa msasa, imekaa kama pedeli ya gari. Upande wa kulia patupu.

Hakusema kitu. Mi pia. Mbwa aliamka akahama, mara ya kwanza naona akihama. Fundi akachukua ile karatasi ya Februari kwenye msumari ukutani, akaisoma, LEFT na mstari chini yake, akasema, nilisoma upande wa kushoto.

Sasa we niambie, hapo unamgombeza vipi. Ni kweli imeandikwa kushoto. Miaka 40 anafitisha sefti za watu wa kulia, mikono imekwenda yenyewe. Nilivyokuwa mdogo mwalimu alinipiga mkono wa kushoto kwa upande wa rula kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe, kwahiyo mi kwa hilo siwezi kumpiga mtu. Ila nilikuwa na uchungu, sidanganyi. Mwaka mzima karibu, na kitu kimoja tu nilichosisitiza ndo hicho kimekosewa, vingine vyote saba viko sawa.

Kaniambia ya pande mbili anaagiza leo kwa gharama zake, na kuifitisha ni lazima upya, kwasababu sefti inashika kile kijino kinachozuia nyundo, ukiilegeza kidogo sio sefti tena, ni pambo. Wiki sita. Nikamwambia Fundi, wiki sita za kalenda yako au ya kwangu? Akacheka mpaka akakohoa.

Nyumbani nimeulizwa iko wapi. Nikasema inapakwa rangi.

6 Januari 2024

Hamna jipya. Wiki nane. Ligi ya ndani ya baridi imeanza, tunapiga futi 50 tu kwa .22 kwenye banda la klabu, karatasi zimepunguzwa ziendane na umbali, hita moja ya gesi kwa watu kumi na wawili na wote wanataka kusimama namba tatu, pale iliko hita. Natumia .22 ya klabu, vishikio vyake ni vya kuchongwa kwa mkono wa kulia, nimevifunga utepe na sifongo vikakaa kama bandeji ya mgonjwa wangu. Asilimia 84. Bado darasa la kwanza.

Bati za Kigamboni: bei imepanda. Sio mimi ninayesema.

16 Machi 2024

Imetoka!!!

Tulienda kuipima kwenye uwanja wake nyuma ya msitu, ubaridi wa kukata masikio. Kwanza triga. Hiki kipimo ni cha kizamani na nakipenda: wanachukua uzito wa pauni 3.5 wenye fimbo na ndoano, unaning'iniza triga juu ya ndoano, mdomo wa bastola juu, unainua polepole kutoka sakafuni. Nyundo ikianguka umefeli, na mashindanoni wanakupima hivihivi kabla hujaingia. Akainua. Ikabeba. Akarudia mara tatu. Ikabeba. Alafu akanipa niivute kwa kidole, haina kujivuta vuta, unabana, unabana, hamna kinachotembea, alafu imeshakwenda hujui saa ngapi. Ndo inavyotakiwa, ukijua saa ngapi inakwenda unaanza kuiogopa.

Kisha akaifunga kwenye Ransom Rest, ile mashine ya kushikilia bastola badala ya mkono wa mtu, imekazwa kwa bolti kwenye nguzo ya zege. Risasi 10 za wadikata, zile za pua butu za kupigia karatasi, uzito wa greni 185, yadi 50. Nilikuwa naangalia kwa darubini. Tundu la kwanza. La pili limegusana na la kwanza. La tatu sikuliona nikadhani limetoka nje ya karatasi kumbe limepita palepale. Kumi zote tukaenda kupima na kalipa, kutoka kati ya tundu la mbali hadi kati ya lingine: inchi 1.8. Yote ndani ya kikombe, na mengi ndani ya yai. Fundi akasema 1.8 sio mbaya, kwa sauti ya mtu aliyetaka 1.5. Akaandika tarehe kwenye karatasi ya shabaha, namba ya bastola, aina ya risasi, akasaini. Hiyo karatasi unapewa, ni kama cheti cha kuzaliwa.

Na sefti? Rafu pana upande wa kulia, dole gumba likalala pale kama limefika nyumbani. Upande wa kushoto kijisehemu chembamba, hakinichimbi. Sikusema kitu kwa muda. Nina miaka 44, sijui kama nimewahi kuwa na kitu kilichotengenezwa kwa mkono huu. Mikasi, daftari za springi, dawati la chuo, kifungulio cha makopo, vyote vya watu wengine. Nikamuuliza nadaiwa ngapi, akatoa dola 100 kwenye bili mwenyewe. Kwa ajili ya rula, akasema. Kumbe nilimsimulia ile habari ya mwalimu na nimesahau.

Akafungua daftari la serikali, akaandika imetoka. Miezi kumi na minne na siku mbili.

20 Aprili 2024

Mazoezi ya kwanza ya nje. Naandika matatizo maana raha nimeshaandika.

Moja, magazini, vile visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye kitako. Nina nne, mbili zimekataa. Wadikata zina pua butu, haziingii kwa ulaini kama risasi ya mviringo, na magazini zile mbili za bei rahisi zinaachia risasi mapema, risasi inanasa mlangoni imesimama wima kama bomba la jiko. Nimezitupia kwenye mfuko zisije zikanichanganya. Fundi aliniambia ninunue nzuri nikajifanya nabana matumizi, baada ya kumaliza hela zote. Akili za mtu.

Mbili, springi. Hizi risasi nyepesi springi ya kiwandani ya pauni 16 haiendi nazo, haifunguki vizuri, yeye aliniwekea ya 12 na kunipa ya 11 kwenye kimfuko. Na ile doti iko juu ya slaidi inaongeza uzito wa kurushwa. Nimeweka 11, imetulia.

Tatu, maganda. Hapa ndo umashoto unalipa kodi. 1911 inatema ganda kulia na nyuma. Mtu wa kulia amesimama kifua kinaangalia kushoto, ganda linapita mgongoni mwake anaendelea na maisha. Mi kifua changu kinaangalia kulia, kwahiyo kila ganda linakuja kwangu kusalimia. La nne la ile seti ya haraka, risasi tano kwa sekunde 10, liliingia kwenye kola ya shati, likashuka mpaka kitovuni, ganda la moto, na sheria ni kwamba mdomo wa bastola unabaki mbele hata kama unaungua. Nikabaki mbele. Nikaweka bastola mezani imefunguliwa, nikarudi hatua moja, ndo nikaanza kucheza ngoma. Mzee wa pembeni hakugeuka hata, akasema tu, funga kifungo cha juu.

Nimempigia Fundi. Ananirekebishia kile kikulabu kinachovuta ganda na kile kinacholisukuma ili yaruke mbele na juu zaidi. Akasema leta, nafanya ukiwa umekaa. Nikamuuliza, nimekaa wapi, nyumbani? Akasema hapana, kwenye kiti changu, saa moja. Na kweli saa moja. Sijui aliniuzia miezi kumi na minne ya nini.

18 Mei 2024

Mechi ya klabu, ile ya pointi 900. Jua, upepo kidogo kutoka kulia, watu kumi na tisa.

Mpango wake ni huu: risasi 20 za polepole kwa yadi 50, kila 10 una dakika 10. Kisha kozi ya taifa, 10 polepole, 10 za muda, 10 za haraka. Kisha 20 za muda, tano kwa sekunde 20. Kisha 20 za haraka, tano kwa sekunde 10. Zote kwa mkono mmoja.

Polepole nilianza vibaya, 158 kati ya 200. Mkono ulikuwa wa shifti, nilitoka kazini saa moja asubuhi, nilikunywa chai ya tangawizi peke yake, kahawa inaniongezea tetemeko. Risasi moja nimepiga 5, hiyo ni mimi, bastola haipigi 5. Na hapo ndo kuna ubaya wa kuwa na bastola nzuri, zamani nilikuwa nasema hii ya kuazima haijakaa sawa, sasa nimenyang'anywa sababu.

Kozi ya taifa 254. Nikatulia. Nilikuwa nalaza gumba kwenye rafu, napumua, doti inatembea ndani ya weusi kama nzi kwenye glasi, na siifukuzi, nabana tu mpaka inaenda yenyewe. Za muda 186, hizo sijawahi. Mzee aliyeniazima ya kwake mwaka jana alikuja kuangalia karatasi, akahesabu, akarudia kuhesabu. Haraka 178, moja ilinigomea, risasi ikakwama, nikanyoosha mkono mwamuzi aje aone, akanipa nafasi ya kurudia. Magazini moja kati ya zile mbili mbovu. Nilisahau kuitupa kabisa, ilikuwa bado kwenye mfuko.

Jumla 776 kati ya 900. Nikagawa kwenye simu mara tatu: 86.2.

Mechi moja haikupandishi daraja, wanakusanya kwanza. Ila 86 ni 86. Julai kuna Camp Perry, pale Port Clinton kando ya Ziwa Erie, mashindano ya taifa yalianza kufanyika pale mwaka 1907, na wakati wa vita kuu ya pili waliwekwa mateka pale. Wanasema upepo wa ziwa pale unahamisha doti mpaka kwenye karatasi ya jirani. Likizo nimeshaiomba, siku tatu. Fundi nae anaenda, ana miaka zaidi ya 30 anaenda, kaniambia nibebe koti hata kama ni Julai.

Nimeiweka ile karatasi ya 1.8 kwenye friji, kwa sumaku, pembeni ya ratiba ya shule ya watoto. Nimerudi jioni kutoka dukani nimekuta juu yake, kwa sumaku ileile, kuna profoma invoisi kutoka Kigamboni. Bati geji 28, vipande 120, na tarehe ya mwisho ya bei imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, katikati kabisa, kama X.